Ukiiondoa hipnosi, anabaki nani? Maswali ya kuuliza kabla ya kumwamini mtaalamu wa nafsi



Usiku mmoja baada ya Isha, tukiwa barazani na vikombe vya kahawa chungu, binamu yangu, mtoto wa khalati yangu, alinisogelea akaninong'oneza: "Kaka, hivi mtu aweza kukumbuka jambo ambalo halikutokea?"

Nilidhani ananitania. Nilipomtazama usoni nikajua kuwa hana utani wowote.

Binamu yangu huyu ni mwalimu. Anaishi Likoni na kazi yake iko kisiwani. Tangu utotoni amevuka feri kama vile mimi na wewe tunavyovuka barabara. Lakini tarehe 29 Septemba 2019, Jumapili ile gari lililokuwa na mama na binti yake lilipoteleza kutoka kwenye feri na kuzama, kitu kilimwingia. Hakuwa ndani ya feri ile. Aliiona video tu kwenye simu, kama tulivyoiona sote, akairudia mara nyingi kuliko ilivyompasa. Kesho yake alipofika kwenye mteremko wa kupandia, magoti yakalegea, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka. Akarudi nyumbani. Kesho kutwa ikawa vivyo hivyo.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa hofu ya maji. Wakubwa wetu waliyaona ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka na watu 272 wakafa. Lakini wengi wetu huingiwa na hofu, tukasoma dua, tukavuka. Yeye alishindwa. Alikodi chumba Majengo, akawa nyumbani anakwenda mara moja kwa wiki, na hiyo moja anavuka akiwa amefumba macho na kumshika mkewe mkono. Mwanamume wa makamo, mwalimu, anaongozwa kama kipofu. Fikiria aibu yake.

Alisomewa Qur'ani, akapata utulivu, alhamdulillah, usingizi ukarudi. Ila pale kwenye mteremko wa feri hofu ilimngoja palepale. Ndipo alipoliona tangazo kwenye mtandao: bingwa wa hipnosi, NLP, kugongagonga vidole na "kusafisha nishati". Vikao sita, shilingi elfu ishirini na nne, malipo yote mwanzo kwa M-Pesa, na matokeo yamehakikishwa. Akalipa.

Kikao cha tatu, akiwa amelala kwenye kiti macho yamefumba, yule bingwa akamwambia: hofu hii haikuanza na feri. Kuna mtu alitaka kukuzamisha ulipokuwa mdogo. Mtazame. Ni nani huyo? Binamu yangu akatafuta uso, na uso uliomjia ulikuwa wa ami yake, mzee aliyemfundisha kuogelea pale ufukweni Shelly. Akatoka mle akiwa na yakini kwamba ami yake alitaka kumuua. Miezi mitano hakumpa mkono.

Hilo ndilo lililomleta barazani usiku ule. Na ndilo linaloniandikisha leo, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina. Matangazo ya namna hii yamekuwa mengi: wa kuondoa hofu, wa kuacha sigara, wa kupunguza uzito, wa kutibu ndoa, wote kwa "mseto wa njia za kisasa". Mimi si daktari. Nina diploma yangu ya maendeleo ya jamii na miaka kadhaa ya kuwasindikiza watu kwenye ofisi za washauri nasaha. Niliyojifunza ni haya.

Hipnosi ni nini hasa

Kwanza tuiondoe kwenye kiinimacho. Ile ya kwenye jukwaa, ambapo mtu anaambiwa awike kama jogoo naye akawika, ni tamasha. Hipnosi ya tiba ni jambo la kawaida zaidi. Umewahi kuendesha gari kutoka Mtwapa hadi Nyali ukafika bila kukumbuka njia, kwa kuwa mawazo yalikuwa kwingine? Umewahi kuzama katika hadithi hata usisikie unapoitwa? Hali hiyo ya akili kukusanyika mahali pamoja na kulegeza mengine ndiyo inayotafutwa. Mtaalamu hukuongoza kwa maneno na pumzi mpaka utulie, kisha hukupa picha na maneno ya kukusaidia kulitazama tatizo lako kwa namna nyingine.

Hulali usingizi. Unasikia. Waweza kufumbua macho ukasimama ukaondoka. Kwa hiyo anayekwambia kwamba atakuwa na mamlaka juu ya akili yako, ama haijui kazi yake ama anakutisha.

Historia yake yenyewe ina funzo. Katika karne ya 18 daktari mmoja, Franz Anton Mesmer, alitoka Vienna akaenda Paris, akadai kwamba ana nguvu ya sumaku inayotoka mikononi mwake na kuponya. Watu walimiminika. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 akaunda tume ya wanasayansi, Benjamin Franklin akiwa miongoni mwao, kulichunguza dai hilo. Tume haikuiona nguvu hiyo yoyote. Iliona kwamba yaliyowapata wagonjwa yalitokana na matarajio na mawazo yao wenyewe. Miaka kama sitini baadaye daktari mpasuaji wa Manchester, James Braid, aliyelieneza jina hili la hipnosi, akasema vivyo hivyo kwa njia nyingine: siri haimo mkononi mwa mtibu, imo katika umakini wa anayetibiwa. Shika hilo, litakufaa utakapokutana na mtu anayejinadi kwa "kipaji" chake.

Mseto mzuri na mseto mbaya

Watu hunishangaa nikisema kuwa sina neno na mtaalamu anayechanganya njia. Kuchanganya si kosa. Hata mseto wa pojo tunaoula nyumbani ni mchanganyiko, lakini mpishi anajua kuwa pojo hutangulia jikoni na mchele hufuata. Ukivitia pamoja utakula wali uliopondeka na pojo mbichi. Basi mtaalamu wa mseto naye muulize: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na kwa nini?

Tuvitazame vilivyomo chunguni.

Kuna tiba ya fikra na mienendo, iliyojengwa na daktari Aaron Beck wa Marekani kuanzia miaka ya 1960. Hapa mnazungumza, mnayachambua mawazo yanayokutia hofu au huzuni, na unapewa kazi za kufanya nyumbani. Kwa watu wenye hofu iliyopitiliza kuna sehemu yake muhimu: kuzoeshwa kile unachokiogopa, hatua kwa hatua. Njia hii ina ushahidi mwingi na wa miaka mingi.

Kuna EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu hufuatisha kwa macho vidole vya mtaalamu huku akilikumbuka tukio lililomuumiza. Shirika la Afya Duniani liliitaja mwaka 2013 miongoni mwa tiba za kuwapa waliosumbuliwa na matukio mazito. Inataka mtu aliyefunzwa vizuri.

Kuna hipnosi yenyewe. Inasaidia katika baadhi ya maumivu na katika wasiwasi wa kabla ya upasuaji. Iliyofanyiwa kazi nyingi ni tatizo la utumbo usiotulia, lile ambalo vipimo havionyeshi kidonda lakini tumbo linasokota, linajaa, mara unaharisha mara choo kinafunga. Uingereza, mwongozo wa afya wa taifa wa mwaka 2008 uliwataka madaktari waifikirie kwa mgonjwa wa namna hiyo ambaye dawa hazikumfaa kwa miezi 12. Lakini kwa kuacha sigara, ambako ndiko inakotangazwa sana, Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilisema mwaka 2019 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inazishinda njia nyingine.

Kuna NLP, iliyoanzishwa California miaka ya 1970 na Richard Bandler na John Grinder. Inapendwa na wakufunzi wa biashara na uongozi. Kama tiba ya maradhi ya nafsi, ushahidi wake ni dhaifu. Na kuna kule kugongagonga vidole usoni na kifuani huku ukitamka maneno. Wapo wanaotulizwa nako, na hakuna madhara mtu kujigonga mwenyewe. Ila maelezo kwamba kunafungua "njia za nishati" mwilini hayana msingi wa kisayansi ulio imara.

Nimeyapanga hivi kwa makusudi. Ukikuta mtu ambaye mwanzo wa kazi yake ni mazungumzo na tiba ya fikra na mienendo, na hipnosi anaiongeza pale inapofaa, huyo amejua cha kutangulia jikoni. Ukikuta mtu aliyejaza kuta zake NLP, nishati na hipnosi, na hawezi kukueleza kwa Kiswahili chepesi hofu inavyofanya kazi mwilini, huyo amekimbilia viungo kabla ya kujua kupika wali.

Swali moja linalotosha

Kama utasahau yote niliyoandika, likumbuke hili. Chukua kalamu, futa neno "hipnosi" kwenye tangazo lake. Futa na hizo njia nyingine. Je, anabaki nani? Anabaki mshauri nasaha, mwanasaikolojia, daktari au muuguzi wa afya ya akili, mtu ambaye angeweza kukusaidia hata bila hipnosi? Au hakuna anayebaki?

Hipnosi ni kifaa. Kisu cha mpasuaji na kisu cha muuza madafu vyote vinakata, lakini hatukabidhi tumbo letu kwa kila mwenye kisu.

Na sheria ya nchi iko upande wako. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili watu wa kazi hizi, na inakataza mtu kuifanya kazi hiyo bila kusajiliwa. Daktari naye, pamoja na wa magonjwa ya akili, husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno. Kwa hiyo kuuliza "umesajiliwa wapi, na nambari yako ni ipi?" si utovu wa adabu. Mwenye nambari hukupa akitabasamu. Asiye nayo hukasirika, au hukuonyesha cheti chenye muhuri mkubwa wa dhahabu alichokipata mtandaoni kwa wikendi mbili. Cheti cha hipnosi kinaongezwa juu ya taaluma. Hakiwezi kushika nafasi yake.

Najua sisi watu wa Pwani tuna haya. Mtu amevaa vizuri, anaitwa dakta, ametoa salamu kamili, tunaona vibaya kumuuliza karatasi. Lakini hata fundi wa paa humkabidhi nyumba yako bila kuuliza kwanza amejenga wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mazungumzo ya kwanza

Kabla ya kulipa chochote kikubwa, omba mazungumzo mafupi, hata kwa simu. Uliza haya:

1. Taaluma yako ya msingi ni ipi, uliisomea wapi na kwa muda gani? Umesajiliwa na nani?

2. Umewahi kuwasaidia watu wenye tatizo kama langu? Kwa njia gani, na kwa nini njia hiyo?

3. Mimi na wewe tutajuaje kwamba inafanya kazi? Na isipofanya kazi baada ya vikao vinne au vitano, tutafanya nini?

4. Nani anakusimamia? Washauri nasaha wazuri nao wana mtu mzoefu wa kushauriana naye kuhusu kazi yao. Anayefanya kazi peke yake bila wa kumuuliza ana hatari.

5. Nitakayokwambia yatakaa wapi? Mji wetu ni mdogo. Mwenye duka ni shemeji wa jirani, na jirani ni rafiki wa mama mkwe. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mtaalamu anapaswa kukueleza siri yako inaishia wapi: kwa kawaida huvunjwa tu pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Na asirekodi kikao bila idhini yako.

6. Kikao ni shilingi ngapi, na je, naweza kulipa kimoja kimoja?

Halafu msikilize naye anakuuliza nini. Hiki ni kipimo kikubwa. Mtaalamu mzuri atakuuliza kuhusu usingizi, dawa unazokunywa, maradhi ya mwili, iwapo umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, iwapo una kifafa, iwapo umefikiria kujidhuru. Anauliza kwa kuwa hipnosi haimfai kila mtu, na kwa mwenye maradhi ya kuchanganyikiwa akili yaweza kumzidishia. Anayekulaza kwenye kiti bila kukuuliza lolote hajui anamlaza nani.

Dalili za kukufanya uchukue viatu vyako

La kwanza ni ahadi. Hakuna muungwana anayehakikisha uponyaji. Shifaa ni ya Allah, na hata daktari asiye Mwislamu atakwambia kuwa anaahidi juhudi, hawezi kuahidi matokeo.

La pili ni malipo yote mwanzo. Ukishalipa vikao sita unaona uchungu kuondoka, hata roho ikikwambia uondoke. Binamu yangu alikiri kwamba kikao cha kwanza tu moyo wake ulikataa, lakini fedha ilikuwa imekwenda.

La tatu, na ndilo zito, ni kuchimba kumbukumbu. Wengi hudhani kwamba akili ni kama kanda ya video, na hipnosi ni mashine ya kuirudisha nyuma. Sivyo. Kila tunapokumbuka tunaijenga picha upya, na mtu aliyetulia, anayemwamini anayemwongoza, ni mwepesi wa kujenga picha ya kile alichodokezewa, kisha akaiona ni kweli kabisa. Marekani katika miaka ya 1980 na 1990 familia nyingi zilisambaratika na watu wakafikishwa mahakamani kwa "kumbukumbu" zilizochimbuliwa kwa njia kama hizi. Simaanishi kwamba watoto hawadhulumiwi. Wanadhulumiwa, hata humu mwetu, na aliyedhulumiwa asikilizwe. Ninalosema ni kwamba mtaalamu hana haki ya kukupa mkosaji. Akikuuliza "ni nani huyo?" kabla wewe hujasema kuwa kuna mtu, simama. Na hapa mganga wa kienyeji anayekwambia "kuna jamaa yako wa karibu amekufanyia" na bingwa wa hipnosi anayekwambia umtafute mtu utotoni mwako ni ndugu wa baba mmoja. Wote wawili wanakuuzia adui.

La nne ni kukwambia uache dawa. Dawa ya shinikizo la damu, ya sukari, ya kifafa au ya akili haiachwi kwa neno la mtu asiye daktari wako.

La tano ni faragha mbaya. Dada zangu, hili ni lenu zaidi. Hipnosi haihitaji kuguswa mwili. Una haki ya kutaka mtaalamu wa kike, kumwacha mahram au rafiki chumba cha nje, kukaa badala ya kulala, na kutaka mlango usifungwe kwa ufunguo. Mtaalamu mwenye heshima hatachukia. Akisema kwamba "tiba haitafanya kazi" mpaka mwe peke yenu mlango umefungwa, hiyo si tiba.

Je, dini inasemaje?

Najua swali hili lilikuwa limekukaa kooni. Wapo masheikh walioikataza hipnosi kwa kuihesabu kuwa ni kutumia majini, na wapo walioiruhusu pale inapokuwa tiba isiyo na shirki, udanganyifu wala haramu. Mimi si mufti. Muulize shekhe unayemwamini, lakini mweleze vizuri unachokusudia kufanyiwa. Usimwambie "nataka kulazwa usingizi na mtu," atakukataza kwa haki. Mwambie kuwa ni mshauri aliyesajiliwa, nitakuwa macho, ananituliza kwa pumzi na maneno ili niizoee hofu yangu. Jibu la shekhe hufuata swali.

Ninaloweza kusema bila woga ni kwamba kuitibu nafsi hatukuletewa na wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu masilahi ya miili na ya nafsi, na sehemu nzima akaiweka kwa hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, namna vinavyokuja na namna vinavyotulizwa. Mwanasaikolojia wa Sudan, marehemu Malik Badri, ndiye aliyeitafsiri sehemu hiyo kwa Kiingereza ili kizazi chetu kijue kuwa tulikuwa na hazina. Na sote tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kumfunga ngamia kisha kutawakali. Ruqya na kwenda kliniki havigombani. Kinachogombana navyo ni kukaa nyumbani na aibu mpaka ndoa inavunjika au kazi inapotea. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Pale hipnosi si mahali pake

Mtu anayesikia sauti, anayezungumza na wasioonekana, asiyelala siku kadhaa huku akijiona mfalme wa dunia, mpeleke hospitali. Mombasa tuna kitengo cha magonjwa ya akili Port Reitz, na Hospitali Kuu ya Makadara ni pa kuanzia. Anayefikiria kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe leo, asingojwe kikao cha Alhamisi. Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri. Kijana aliyezama kwenye heroini hatatolewa na kiti cha hipnosi: kuna kliniki za methadoni Malindi na Kisauni, na nambari ya NACADA ya 1192 ni ya bure. Na maumivu yoyote ya mwili, ya kichwa, kifua au tumbo, yapimwe kwanza. Itakuwa msiba kumtuliza mtu kwa maneno mazuri maumivu ambayo yalikuwa yakimwambia kuwa ana uvimbe.

Binamu yangu leo

Baada ya usiku ule wa barazani tulimtafuta mtu mwingine. Alikuwa mwanasaikolojia aliyesajiliwa, mama wa makamo, asiye na tangazo lolote. Cha ajabu ni kwamba naye anatumia hipnosi. Lakini kikao cha kwanza hakuitaja kabisa. Aliuliza maswali saa nzima. Akamtuma hospitali kupima moyo na tezi ya shingo, maana moyo kwenda mbio una sababu nyingi. Majibu yalipokuja salama, akamweleza kuwa hofu ni king'ora cha mwili kilichokosea saa, na kila anapokimbia kutoka kwenye mteremko ule anakithibitishia king'ora kwamba kilikuwa na haki ya kulia.

Kisha wakapanga ngazi. Juma la kwanza kusimama mbali, kwenye duka linaloona feri, mpaka moyo utulie. Juma jingine mwanzo wa mteremko. Kisha kupanda alfajiri ya Jumapili feri ikiwa na watu wachache, akiwa na mkewe, macho wazi. Hipnosi ilikuwa ya kumfundisha kutulia na kuyapitia hayo kichwani kabla ya kuyapitia kwa miguu. Alilipa kikao kimoja kimoja. Mara mbili aliteleza akarudi nyuma, na mama yule hakumlaumu.

Kama miezi mitatu hivi, alivuka peke yake. Bado moyo hupiga kidogo, ananiambia, hasa bahari ikichafuka. Lakini anavuka, na chumba cha Majengo amekirudisha kwa mwenyewe.

Akaenda na kwa ami yake kumwomba radhi. Mzee alimtazama tu, hajui anaombwa radhi ya nini. Alidhani miezi ile mitano kijana alikuwa na shughuli. Akamkaribisha chai, akamuuliza habari za watoto, kisha akamwambia wakienda Shelly Ijumaa awachukue, maana mdogo wao ameshafika umri wa kufundishwa kuogelea.